Safu ya "Mengineyo": Kisa cha Fani Ndogo ya Biashara na Utumishi wa Umma kwenye Diko la Dagaa

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya walimu wenzangu wa vyuo na wanafunzi wanaojiandaa kwenda uwandani. Majina ya chuo, shehia na diko (pwani boti zinaposhusha samaki) nimeyaondoa, wanafunzi nawataja kwa masomo yao tu, na baadhi ya idadi nimezisogeza kidogo ili pahala pasitambulike. Mimi ndiye niliyekuwa mratibu wa fani yenyewe, kwa hiyo makosa kadhaa mtakayoyasoma humu ni yangu.

Usuli

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza Marekani huwa na fani kuu na, akipenda, fani ndogo pembeni: masomo matano au sita ya uwanja mwingine, yanayotajwa kwenye nakala ya matokeo yake. Wanafunzi wetu wameshaipa jina, "maina". Kwetu utaratibu huu bado mgeni. Aliyesoma uhasibu hutoka na uhasibu, aliyesoma ualimu hutoka mwalimu, na wakikutana basi ni kwenye daladala.

Chuo chetu kiliamua kujaribu fani ndogo moja inayounganisha biashara na utumishi wa umma, na mwisho wake uwe mradi wa ujasiriamali jamii. Hoja iliyotolewa kwenye kikao ilinivutia. Visiwa hivi vimejaa miradi iliyokufa siku mfadhili alipofunga virago, kwa kuwa hakuna aliyepiga hesabu ya nani atanunua pampu nyingine hii ikiharibika. Vimejaa pia biashara zinazonawiri kwa jasho la watu wasiojua wakashitaki wapi. Basi tupate mtu mmoja anayejua mizania na anayejua pia sheha, yule msimamizi wa shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala, anaanzia wapi na halmashauri inaishia wapi.

Masomo yakawa matano: misingi ya uhasibu, masoko, serikali za mitaa na utoaji wa huduma, ujasiriamali jamii, na mradi wa uwandani. Darasani tulianza kama wanavyoanza wengi, na Bangladesh. Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi, mwaka 1976 anatoa dola 27 mfukoni mwake kuwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra. Mwaka 1983 mradi wake huo, Grameen, unakuwa benki kamili. Mwaka 2006 yeye na benki yake wanapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hadithi tamu, na wanafunzi waliipenda. Niger ya mwaka 1991, ambako shirika la CARE lilianzisha vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa fedha zao wenyewe bila benki, tuliipa dakika kumi. Naisema hii kwa majuto. Kikundi cha namna hiyo, ambacho watu wanakiita "hisa" basi, kipo hata mitaani kwetu, na sitashangaa nikiambiwa kuwa mama wa mmoja wa wanafunzi wale ndiye anayetunza mojawapo ya funguo tatu za sanduku la fedha za kikundi.

Diko lenyewe

Kundi lilikuwa la wanafunzi sita: wawili wa uhasibu, mmoja wa kompyuta, mmoja wa sayansi ya siasa, mmoja wa ualimu wa Kiswahili, na binti wa afya ya mazingira. Walipangiwa diko moja la dagaa, pwani ya magharibi ya Unguja, lenye wanawake 32 wanaonunua, kuchemsha na kuanika.

Asiyeijua kazi hii aelezwe kidogo, maana kisa chote kimesimama hapa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwakusanya bahari ikiwa nyeusi. Mwezi ukiwaka, mwanga wa taa unamezwa na dagaa wanatawanyika. Kwa hiyo mvuvi wa dagaa ana vipande viwili tu vya mwezi, giza na mbalamwezi. Wakati wa giza boti zinaingia alfajiri, mnada unapigwa palepale mchangani na wanawake wananunua kwa ndoo. Bei haitulii: asubuhi moja niliandika ndoo shilingi 18,000, kesho yake 31,000. Wanachemsha kwa maji ya chumvi dakika chache, wanaopoa, wanaanika. Jua likichoma, jioni wanaanua. Dagaa wa Zanzibar wana soko kubwa Kongo, na mnunuzi wa huko anajua kuangalia: wakavu, wenye kung'aa, wasio na mchanga. Walionyeshewa au waliojaa mchanga huishia kwenye chakula cha kuku, na hapo bei inatia huruma.

Wakati ule wengi walikuwa wakianika chini, juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa kwenye mchanga. Mvua ikija hakuna pa kukimbilia.

Wiki ya mbalamwezi

Tarehe za uwandani nilizipanga mimi kwa kuangalia vitu viwili, ratiba ya mihadhara na basi la chuo. Zikaangukia tarehe 13 hadi 16 Shaaban. Katikati yake ilikuwa Nisfu Shaaban. Wanafunzi wanne kati ya sita walifunga siku hiyo. Walikwenda dikoni wamefunga, wakawahoji akina mama waliofunga, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza Nisfu Shaaban huko juu angani ina maana gani. Mwezi kumi na tano, duara kamili. Hakuna boti iliyotoka.

Wakawakuta wanawake wamekaa. Huyu anasuka ukili, yule anamsuka mwenziwe nywele, mwingine anaziba nyavu. Dodoso lilikuwa na swali la matumizi ya muda, na jibu likatoka safi: wastani wa saa tano kwa siku bila kazi. Takwimu hiyo ikawa nguzo ya mpango mzima, kwa sababu kama mtu ana saa tano za ziada, anaweza kugeuza dagaa kwenye chanja (meza za kuanikia), kuchambua madaraja na kufungasha kwenye paketi.

Mama aliyekuwa akisuka ukili aliwauliza, "Nyinyi mnarudi lini?" Wakamwambia, mwezi ujao inshallah. "Njooni giza, wanangu. Sasa hivi mnatuona tumekaa mkadhani ndiyo maisha yetu." Maneno hayo yamo kwenye daftari la mwanafunzi wa Kiswahili. Kwenye ripoti hayamo.

Dodoso lilikuwa pia na swali la wazi: tatizo gani linakusumbua kuliko yote? Wanawake 19 kati ya 32 walitaja choo. Si mtaji, si soko. Mwanamme ana bahari. Mwanamke anafika saa kumi na moja alfajiri, mapipa yanachemka hadi saa nane mchana, na choo cha karibu ni cha msikitini upande wa wanaume. Arudi nyumbani, awaachie kunguru dagaa? Kadhaa walimwambia yule binti wa afya, kwa sauti ya chini, kwamba hawanywi maji tangu wanapoamka. Mbele ya moto, kwa jua la Zanzibar, hawanywi maji.

Usiku ule wanafunzi walijaza jedwali nililowapa. Lilikuwa na safu tatu: Tatizo, Suluhisho, Chanzo cha mapato. Choo kilipofika safu ya tatu kikakwama. Wakaongeza safu ya nne pembeni, wakaiandika "Mengineyo", wakakiweka humo pamoja na kunguru na uhaba wa kuni.

Mpango, na kwa nini ulionekana mzuri

Kitivo kilitoa mbegu ya shilingi milioni 3. Kundi likaamua kujenga chanja 20 za nguzo za mvinje zenye wavu juu, kila moja kwa shilingi 85,000, jumla milioni 1.7. Wazo la kwanza lilikuwa boriti za mkoko, likaachwa mapema kwa kuwa mikoko haikatwi bila kibali, na huo ulikuwa uamuzi mzuri uliotokana na somo la serikali za mitaa. Nautaja kwa kuwa ni mmoja wa wachache. Laki tisa zilikwenda kwenye kaushio la jua, kibanda cha nailoni ambacho mwanafunzi wa kompyuta alikiwekea kipima joto. Laki nne zikabaki za nauli na dharura.

Kisha ada. Kila mama atakayetumia chanja atalipa shilingi 500 kwa ndoo. Chanja 20, kila moja ndoo mbili, siku 26 kwa mwezi kwa kuwa Ijumaa diko linapumzika: shilingi 520,000 kila mwezi, na mtaji wa vifaa unarudi kwa miezi mitano. Mama hatapata hasara, kwa sababu dagaa safi watauzwa kwa bei ya juu, na wanafunzi waliweka ongezeko la asilimia 20.

Hesabu haikuwa na kosa hata la senti. Niliipa alama 81, ya juu kuliko zote mwaka ule.

Kulikuwa na kipengele cha pili, mkopo mdogo wa Grameen wa Kiunguja, wenye nyongeza ya asilimia 10. Hicho kilikufa siku kilipozaliwa. Katika mkutano chini ya mkungu, bibi mmoja aliuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo si riba?" Mwanafunzi wa uhasibu akajibu kwamba wataiita ada ya huduma. Bibi akacheka: "Ukimwita paka kanga, atataga?" Mkutano mzima ukacheka naye, na kipengele kikafutwa. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba wanafunzi wote sita ni Waislamu, wamekulia hapahapa, na Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma zake za Kiislamu ambazo mtu anaziona akipita mjini. Walilijua jambo hilo kama watoto wa nyumbani. Kama wanafunzi wa biashara walilisahau, kwa sababu kitabu hakikulitaja.

Giza la kwanza

Chanja zilijengwa Ramadhani. Masika ilishaingia. Giza kamili la kwanza baada ya Idd liliangukia mwisho wa Mfunguo Mosi (Shawwal) na mwanzo wa Mfunguo Pili, na huo ndio ukawa mtihani.

Ukiondoa Ijumaa na siku za mvua, palikuwa na siku 11 za kuanika. Si 26. Ndoo zilizolipiwa ada zilikuwa 95, shilingi 47,500. Kaushio la jua lilikuwa na uwezo wa ndoo moja na nusu kwa mara moja, wakati mama mmoja asubuhi nzuri hununua ndoo kumi. Kipima joto kilifanya kazi vizuri sana.

Saa tano za ziada hazikuonekana. Wakati wa giza mama analala vipande: muda wa saa mbili usiku, kisha saa nyingine moja baada ya adhuhuri pembeni ya pipa. Hakuna wa kugeuza dagaa kwenye chanja wala wa kuchambua madaraja. Wengi waliendelea kuanika chini, hatua tatu tu kutoka chanja tupu.

Mwanafunzi wa pili wa uhasibu, kijana mkimya ambaye sikuwa nimemtilia maanani, ndiye aliyekwenda kukaa na mama mmoja tangu mnada hadi kuanua. Akamuuliza kwa nini hapandishi dagaa juu wakati chanja ipo na ada ni mia tano tu. Mama akamweleza jambo ambalo dodoso letu lenye maswali 40 halikuligusa. Fedha za kununulia ndoo si zake. Ni za tajiri, anayempa mtaji mwanzo wa giza, naye anamuuzia tajiri huyohuyo kwa bei waliyokubaliana kabla hata boti haijatoka. Dagaa wawe wanang'aa au wana mchanga, bei ni ileile. "Tajiri hanunui usafi, mwanangu. Ananunua deni lake."

Kijana alirudi akapitia orodha ya majina 32. Waliokuwa na mtaji wao wenyewe walikuwa watano. Ongezeko la asilimia 20 la bei lilikuwa kweli kwa hao watano. Kwa 27 waliobaki, faida ya usafi ingekwenda kwa tajiri na gharama ya mia tano ingebaki kwao. Walikuwa wamepiga hesabu kutuzidi sisi, kichwani, wakiwa wameshika upawa.

Kugeuza njia

Muhula ulikuwa na wiki tano zilizobaki. Kundi liligawanyika, na mgawanyiko huo haukuwa wa chuki. Wawili walitaka kumaliza walichoahidi kwenye mpango kwa sababu ndicho kitakachosahihishwa. Sikuwalaumu. Wanne walitaka kubadilisha.

Walichofanya ni hiki. Ada ya chanja ilifutwa, na chanja zikakabidhiwa kikundi cha hisa ambacho tayari kilikuwepo dikoni na ambacho, aibu kusema, tulikigundua wiki ya tisa. Kikundi kikaanzisha sanduku la pembeni la kununulia ndoo: hisa moja shilingi 2,000, hakuna nyongeza juu ya mkopo, faida ya mauzo inagawanywa kwa hisa mwisho wa giza. Utaratibu huo waliupanga akina mama. Wanafunzi waliandika daftari tu. Kati ya zile laki nne za dharura, 280,000 zikanunua maturubai manane ya kufunikia dagaa mvua inapotishia. Hilo lilikuwa wazo la mwanafunzi wa Kiswahili, na lilipingwa mwanzo kwa kuwa "si ubunifu".

Pembeni kabisa, bila kutumwa na mtu, binti wa afya na yule wa siasa wakaanza kufuatilia choo. Sheha aliwapokea vizuri, akawaambia tatizo ni ardhi: mahali panapofaa ni kipande kati ya msikiti na shamba la minazi la familia moja. Wakaenda kwa familia. Wakarudi kwa sheha kuandika ridhaa mbele yake. Wakaenda kwa kamati ya wavuvi ya shehia, ambayo hukata fedha kidogo kwa kila boti inayoshusha, kuuliza makato hayo yanatumikaje. Swali hilo wangeuliza watu wazima wa palepale lingeleta ugomvi. Kwa vijana wa chuo wenye daftari lilipita kama swali la masomo. Kamati ikakubali kutoa mchanga, mawe na nguvu kazi. Halmashauri ikaandikiwa barua kuomba mchoro na saruji. Muhula ukaisha barua haijajibiwa.

Ripoti binafsi ya binti yule ilihusu choo mwanzo hadi mwisho. Nilimpa 64. Kwenye ukurasa wa kwanza kuna maandishi yangu kwa kalamu nyekundu: "Umetoka nje ya mada."

Matokeo baada ya mwaka mmoja

Nilirudi mwenyewe, giza, na mara hii nilikwenda saa kumi na moja alfajiri.

Chanja saba zilikuwa zinatumika, karibu zote na wale wanawake watano. Sita zimehamishiwa majumbani. Saba zilizobaki ziliangushwa na upepo wa kusi na mbao zake zikaishia chini ya mapipa. Kuni ni ghali. Kaushio la jua limechanika nailoni upande mmoja na kuku wanalala humo. Maturubai yalikuwa yanatumika yote manane, moja lina viraka vingi kuliko turubai. Sanduku la ndoo lina wanachama 14, tisa kati yao wananunua sehemu ya ndoo zao kwa fedha za sanduku na kuuza wanakotaka. Sehemu, si zote. Kwa zilizobaki bado wako kwa tajiri, naye hajafurahi, na mama wawili walirudi kwake kabisa baada ya giza moja baya.

Choo kipo. Kilichukua miezi saba tangu barua, matundu mawili upande wa wanawake, tangi la maji juu. Kilipomalizika kilifungwa kufuli wiki tatu kwa kuwa hakuna aliyejua nani atalipia maji na nani atasafisha. Yule kijana mkimya wa uhasibu, aliyekuwa ameshamaliza masomo na anatafuta kazi, aliitwa kwa simu na mwenyekiti wa hisa aje "awapigie hesabu". Wakakubaliana shilingi 200 kwa kila anayeingia, nusu ya msafishaji, nusu ya maji. Maji yakikatika, kama yanavyokatika, foleni ya madumu inaanza tena.

Uchambuzi

Kilichonisumbua zaidi ni zile shilingi. Wanawake walewale waliokataa 500 kwa chanja wanalipa 200 kwa choo, tena mara mbili kwa siku. Maelezo mepesi ni kwamba 200 ni ndogo kuliko 500. Siyaamini. Kwenye chanja walikuwa wanaombwa walipie faida inayokwenda kwa mtu mwingine. Kwenye choo wanachokilipia wanaondoka nacho miilini mwao, na fedha wanampa mtu wanayemjua kwa jina, ambaye asipowaridhisha mchana, jioni watamkuta kisimani. Kuna na la tatu: ada ya chanja ilipangwa chuoni na kupelekwa, ya choo waliipanga wao. Somo letu la masoko linafundisha kupanga bei kwa kuangalia gharama, washindani na uwezo wa mteja. Halina mahali pa kuuliza faida inatua mfukoni mwa nani.

Jedwali langu la safu tatu lilikuwa kosa kubwa kuliko tarehe za mbalamwezi. Mtu akipewa karatasi yenye safu ya "Chanzo cha mapato", atasikia matatizo yanayojaza safu hiyo, na mengine yatapita sikioni kama kelele za kunguru. Wanafunzi hawakuwa na moyo mgumu. Walimsikia kila mama, wakaandika, wakahesabu: 19 kati ya 32. Karatasi ndiyo iliyokosa pa kuiweka namba hiyo. Nusu ya fani yetu, ile ya utumishi wa umma, ilikuwa na kazi moja kwenye mradi ule, nayo ni kuuliza jambo hili ni la kuuzwa au ni la kudaiwa. Haikuulizwa, kwa sababu somo la serikali za mitaa lilikuwa muhula wa kwanza, mradi muhula wa pili, na walimu wake wawili hatukuwahi kukaa meza moja. Nilimcheka mhasibu na mwalimu wanaokutana kwenye daladala. Sisi hatukukutana hata huko.

Mwenzangu mmoja anayefundisha masoko hakubaliani nami. Anasema choo ni kazi ya halmashauri, wanafunzi wa biashara walifanya vyema kukiacha, na tukianza kuwapa alama kwa kuandika barua tutakuwa tunafundisha ukarani. Ana hoja. Lakini barua ile ilihitaji mtu ajue ridhaa ya ardhi inaandikwa mbele ya nani, makato ya boti yanakaa kwa nani, na halmashauri inaombwa kitu gani na haiombwi kitu gani. Na choo kilipokamilika kikafungwa kufuli, kilichokifungua ni hesabu ya mapato na matumizi ya ukurasa mmoja. Sijaona mradi mwingine wa fani hii uliotumia nusu zote mbili kama huo, na ndio pekee uliotoka nje ya mada.

Kuhusu alama: mpango wa biashara ulikuwa na uzito wa asilimia 60, uwasilishaji 20, ripoti binafsi 20. Maana yake mwanafunzi alipata zaidi ya nusu ya alama zake kabla dagaa hata mmoja hajapanda kwenye chanja. Wawili waliotaka kumaliza mpango kama ulivyoandikwa walikuwa wanafuata njia tuliyowachorea wenyewe. Mwaka uliofuata niligeuza. Mpango ni asilimia 25, na unasahihishwa mara mbili, kabla na baada ya giza la kwanza; alama kubwa zaidi ni ya kueleza kilichobadilika katikati na kwa nini. Matokeo ya binti wa afya nilijaribu kuyarudisha. Yalikuwa yameshapita Seneti, na yalibaki 64. Yeye mwenyewe hakulalamika, ila nilipomweleza aliniuliza kama mada ilikuwa ni ipi, na sikuwa na jibu la haraka.

Lililofaa tangu mwanzo ni mchanganyiko wa wanafunzi wenyewe. Uvumbuzi wa deni la tajiri ulitoka kwa mhasibu aliyekaa chini akauliza kama jirani. Maturubai yalitoka kwa mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye katika daftari lake alikuwa ameandika mara nne kitenzi "kuanua" kama akina mama walivyokitumia, kwa hofu. Sisi wengine tulikuwa tunafikiria kuanika tu, wakati hasara yao yote iko kwenye kuanua: wingu linakuja, mikono ni miwili, dagaa wametanda ekari. Kundi la wahasibu sita lisingesikia kitenzi hicho.

Kikundi cha hisa kinanifundisha jambo ambalo sijui nilifanyeje kwenye mtaala. Tulikwenda na Grameen kwenye diko ambalo tayari lilikuwa na sanduku, funguo tatu na mwenyekiti. Nimeshaondoa Bangladesh kwenye wiki ya kwanza na kuiweka ya sita. Wiki ya kwanza sasa kila mwanafunzi anakwenda kwao, anamuuliza mama, shangazi au jirani jinsi hisa yao inavyoendeshwa, nani alikimbia na fedha, na walifanya nini. Baadhi wanarudi na visa vikali kuliko hiki.

Tarehe ndizo zinazonipa tabu. Muhula wa pili unaanza karibu na masika na utaendelea kuanza hapo. Ramadhani inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo kila kundi litakutana na mchanganyiko wake wa mvua, mfungo na mwezi. Kilicho mikononi mwangu ni wiki ya kwanza ya uwandani tu. Mwaka huu niliomba ianze tarehe 24 ya mwezi wa Kiislamu. Ofisi ya ratiba ilinirudishia fomu, pale kwenye "Sababu ya kubadilisha tarehe" pamezungushiwa duara jekundu na alama ya kuuliza. Nimeijaza tena kwa neno moja, giza, na ninasubiri.